Mipangilio ya Mwalimu Skolastika

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, siku ile mliponiaga mlinitaka niseme neno. Nikasimama, nikashukuru kwa chakula, nikakaa. Mbele ya watu wengi maneno hunikimbia. Sasa niko Makote, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu, mikorosho imeanza kutoa maua, na hakuna anayenipigia simu kuniambia printa imegoma. Nimepata utulivu wa kuandika yale niliyoshindwa kuyasema.

Vyeo sitavitaja. Mambo ya vyeo yapo kwenye jalada langu, na anayeyataka ana moyo mgumu. Nataka kuwaeleza kazi ilivyoniingia, na jambo moja nililoliona kwa macho yangu ambalo mpaka leo nikilikumbuka natulia kwanza.

Nilianzia Masasi, kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa korosho. Fundi mkuu alikuwa Fundi Mbwana, mtu mrefu, mpole, aliyetengeneza mashine za kuchapia miaka mingi kabla kompyuta hazijafika. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Akanipa brashi ya kupakia rangi na kitambaa.

"Leo huwashi kitu," alisema. "Leo unafuta vumbi."

Nilifuta mpaka shati likawa na rangi ya udongo. Kibodi zote za ofisi ile zilinukia korosho za kukaanga, na mafuta yake yaliukamata mchanga vizuri kuliko gundi. Nilipomaliza nilidhani sasa nitafundishwa kufungua mashine. Badala yake Fundi Mbwana aliniwekea kiti karibu na karani mmoja, Mama Halima, akaniambia nimtazame anavyofanya kazi.

"Nitazame nini?"

"Mkono wake. Kabla hujagusa kompyuta ya mtu, mjue mtu mwenyewe."

Sikumwelewa mpaka pale kompyuta ya Mama Halima ilipokufa. Alikuja fundi kutoka mjini, akaisafisha yote, akairudisha. Nyaraka zote zilikuwepo, hata moja haikupotea. Mama Halima alikaa, akabonyeza hapa na pale, kisha akaanza kulia. "Hii si kompyuta yangu," alisema. Ofisi nzima ikacheka, maana mashine ilikuwa ileile, hata ufa wa pembeni ulikuwepo. Fundi Mbwana hakucheka. Alivuta kiti akamuuliza taratibu ni kitu gani kimepungua.

"Sijui," alijibu Mama Halima. "Mkono wangu ndio unaojua, mimi sijui."

Ilituchukua muda mrefu kuyarudisha mazoea yake: herufi zilizokuwa kubwa kidogo, kitufe alichokizoea, kalenda iliyokaa upande wa kushoto. Mengine hatukuyapata kamwe. Tangu hapo nikajua kwamba kuna vitu viwili ndani ya kompyuta ya mtu. Kuna kazi zake, na hizo tunajua kuzitunza. Na kuna namna anavyoishi humo, na hiyo hakuna aliyekuwa anaitunza.

Baadaye nilipanda juu, Newala, kwenye hospitali yenye chuo cha wauguzi, na huko ndiko nilikomaliza. Mmekaa kwenye chumba kile, mnakijua. Upepo wa juu huingiza udongo mwekundu hata kwenye droo iliyofungwa. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kukimbia kutoka wodi hadi maabara, maabara hadi masjala, kila kompyuta na ugonjwa wake. Nikiitengeneza hii Jumatatu, Alhamisi mtu ameongeza kitu, imeharibika kwa njia nyingine. Nilikuwa kama mtu anayefagia uwanja wakati upepo unavuma. Sikulalamika, nilidhani ndivyo kazi ilivyo.

Kisha akaja Rehema. Leo ndiye mkubwa wenu, lakini siku ile alikuwa ametoka chuoni Dodoma na begi moja mgongoni.

"Shikamoo, Baba Zuhura."

"Marahaba. Umeshawahi kufuta vumbi?"

Akacheka, akachukua brashi. Nikampenda hapohapo.

Rehema alikuja na kompyuta yake mpakato yenye mfumo huria, ule wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuubadilisha, na ndani yake kulikuwa na programu ya kutunza programu nyingine. Jina lake mnalijua, mnaitumia. Nitaeleza tu kwa ajili ya mjomba yeyote atakayeisoma karatasi hii bila kuwa fundi. Sisi tulizoea kuipa kompyuta amri moja baada ya nyingine: weka hiki, ondoa kile, badilisha hapa. Mwisho wa mwaka hakuna anayekumbuka amri zote zilizotolewa. Programu ya Rehema haikutaka amri. Ilitaka uandike faili moja la maandishi ya kawaida, ueleze unataka kompyuta iweje ikishakamilika: programu hizi ziwepo, herufi ziwe na ukubwa huu, kitufe hiki kifanye kazi hii. Njia ya kufika huko inaitafuta yenyewe.

"Huiambii ifanye nini," alisema Rehema. "Unaiambia iwe nini."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, hali ya jana ipo."

Akanionyesha. Aliharibu mipangilio yake makusudi mbele yangu, skrini ikawa nyeusi, mimi nikashika kichwa kwa niaba yake. Akaizima, akaiwasha, yakaja maandishi yenye orodha ya hali zote zilizopita, kila moja imehifadhiwa nzima kama ilivyokuwa. Vizazi, ndivyo alivyoziita. Akachagua kizazi cha jana. Kompyuta ikaamka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilikuwa na miaka mingi kwenye kazi hii na sikuwahi kuona kompyuta ikirudi jana. Nilitoka nje nikasimama barazani, upepo unanipiga, nikamkumbuka Mama Halima wa Masasi.

Nilijifunza kwa shida. Lugha ya faili lile ni kali: ukisahau nukta mkato moja, inalikataa faili zima. Mwanzoni niliona ni ukorofi. Baadaye nikaona ni adabu, kwa kuwa inakataa kabla haijagusa kitu. Ni wangapi kati yetu wanaokataa kabla ya kuharibu?

Sasa nifike kwa Mwalimu Skolastika.

Ninyi mlimkuta akiwa haoni. Mimi nilimjua akiwa anaona, tena anaona mbali, anaweza kusimama mlangoni akakuta mwanafunzi wa nyuma anasinzia. Alizaliwa Chilangala, akawa mkunga, kisha mwalimu wa wakunga. Wanafunzi wetu wengi hutoka mbali, Kagera, Singida, Tanga, nao hupelekwa wodi ya wazazi wakiwa na Kiswahili tu. Mama wa huku juu akishikwa na uchungu, Kiswahili humtoka, anabaki na Kimakonde. Mwalimu alikuwa anaandika masomo yenye maneno hayo: mama akisema hivi, maumivu yako hapa, akisema hivi, usingoje, mwite daktari. Hakuna aliyeyaandika kabla yake. Alikuwa amewaona wanawake wakieleza hatari waziwazi, na muuguzi anaitikia tu kwa kichwa.

Presha ya macho ilimwanza taratibu. Kwanza alisogeza karatasi, kisha akaongeza miwani, kisha akaanza kunijia ofisini.

"Baba Zuhura, hizi herufi zako zimekonda."

Nikazinenepesha. Baada ya muda akarudi, nikaongeza tena. Mara nyingine nikageuza rangi, maandishi meupe juu ya weusi. Mpaka siku moja alikuja ameshikwa mkono na mwanafunzi, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa herufi zitoke kwenye macho ziingie kwenye masikio."

Rehema na mimi tulimwandalia kompyuta ya mfumo huria yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, na kila tulichokifanya tulikiandika kwenye faili la mipangilio yake. Hatukumaliza kwa mkupuo mmoja. Alikuwa akija, anakaa, anatuambia. Sauti iende haraka zaidi. Zaidi. Zaidi tena, mpaka sisi tukawa hatuelewi hata neno, yeye anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kitufe hiki kinitajie saa. Hiki kinipeleke kwenye somo la jana. Nikikosea tahajia ipige mlio, lakini mlio wa upole, si wa kunifokea.

Kazi kubwa ilikuwa matamshi. Sauti ile ilisoma Kiswahili vizuri, lakini ilipokutana na neno la Kimakonde linaloanza na n mbili ilijikwaa kama mgeni aliyeteremka kwenye basi sasa hivi. Mwalimu alilitamka neno, Rehema akaliandika kwa tahajia ya kuidanganya ile sauti ilitamke hivyo, tukasikiliza, Mwalimu akakataa, tukarudia. Neno kwa neno, wiki baada ya wiki. Wakati mwingine alicheka mpaka akapangusa machozi.

"Sasa hivi imesema jina la shangazi yangu," alisema siku moja. "Nilitaka iseme kondo la nyuma."

Faili lile tulilinakili kila lilipobadilika, na kulihifadhi mbali na hospitali. Hilo Rehema ndiye aliyelisisitiza. Naye Mwalimu akawa anafundisha, anasahihisha, anaandika. Ukipita dirishani kwake ulisikia sauti ile ikibwabwaja kwa kasi na vidole vyake vikifuata.

Mwaka uliofuata ikaja taarifa kwamba kuna jopo litafika kuangalia kama Mwalimu Skolastika aendelee kufundisha au apumzishwe kwa ugonjwa. Watu wa jopo hawakuwa wabaya. Walikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa la haki: anaweza? Wangekaa darasani wamwone. Mwalimu akasema sawa, waje.

Siku chache kabla hawajafika, mvua za kwanza zikaanza, na mvua za kwanza huku juu hazikosi radi. Mchana mmoja ilipiga karibu na bweni. Taa zikawaka sana kisha zikazimika, na kwenye chumba cha Mwalimu ukatoka moshi. Nilipofika kompyuta ilikuwa imeungua, harufu ya plastiki imejaa, diski imekwenda nayo. Yeye mwenyewe alikuwa salama. Alikaa palepale kitini, mikono juu ya kibodi.

"Haisemi," alisema.

"Imeungua, Mama Deo." Katika shida nilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, si la ualimu.

"Macho yangu yalikwenda polepole, nikapata muda wa kuyaaga. Haya yamekwenda mara moja."

Mdogo wake anayeishi Ndanda alipanda siku iliyofuata ili amsomee masomo kwa sauti. Alijitahidi, lakini hakuwa mkunga, kila neno la kitabibu lilimshika mguu, na Mwalimu alikuwa akimsubiri kwa uvumilivu uliokuwa unauma kuutazama.

Uongozi ulitupatia kompyuta nyingine, ya aina tofauti kabisa, iliyokuwa imekaa stoo. Mtandao wetu Newala baada ya radi ulikuwa umelala, na programu yetu inahitaji mtandao wa kutosha ili ivute kila kilichotajwa kwenye faili. Rehema akasema twende Masasi. Shemeji yangu Yusufu ana duka la huduma za kompyuta kule, na mtandao wake una nguvu. Tukaifunga mashine kwenye blanketi tukateremka nayo.

Dukani kwa Yusufu kulikuwa na watu wanaochapisha barua na kupiga picha za pasipoti. Tukapewa meza ya pembeni. Rehema akaweka mfumo mtupu, kisha akalivuta faili la Mwalimu kutoka lilikohifadhiwa. Nililitazama kwenye skrini. Maandishi tu, ya kawaida, hata mtoto wa shule angeyasoma baadhi yake. Kasi ya sauti. Kitufe cha saa. Mlio wa upole. Chini yake orodha ndefu ya maneno ya Kimakonde na matamshi yake. Miezi yetu yote ya kukaa na yule mama ilikuwa pale, nyepesi kuliko picha moja ya pasipoti.

"Bismillahi," nikasema. Rehema akatoa amri, ile moja tu.

Mistari ikaanza kupanda. Nimeona mashine nyingi zikisakinishwa, na kwa kawaida fundi anatakiwa akae hapo, ajibu maswali, achague. Hii haikuuliza kitu. Ilikuwa inavuta, inapanga, inavuta, inapanga. Yusufu alituletea chai ikapoa mezani. Mwisho ikasimama, Rehema akaiwasha upya, skrini ikaja nyeusi yenye maandishi meupe, kila kitu mahali pake.

Lakini kimya. Haikutoa sauti.

Rehema alinitazama. Kompyuta ya mtu asiyeona ikinyamaza, ni sanduku. Tukakagua nyaya, tukakagua kiwango cha sauti. Kisha tukafanya kile ambacho zamani nisingeweza kukifanya kwa mashine yoyote: tulilisoma faili kuanzia juu, mstari kwa mstari, kwa kuwa kila kilichokuwa kinatakiwa kuwemo kilikuwa kimeandikwa, hakuna kilichojificha kwenye kumbukumbu ya mtu. Karibu na katikati tukaukuta mstari unaotaja kifaa cha sauti kwa jina, jina la kifaa cha ile mashine iliyoungua. Nikaufuta, nikaandika itumie chochote itakachokikuta. Rehema akatoa amri tena.

Sauti ikatoka. Ilitoka kwa kasi ileile ya Mwalimu, duka zima likageuka. Mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati akauliza, "Hicho ni Kiarabu?"

"Ni Kiswahili, babu," alisema Rehema, "ila kina haraka." Akaligeukia dirisha, nikaona anapangusa macho kwa mtandio.

Ile mashine ilikuwa haijawahi kumjua Mwalimu Skolastika. Haikuwahi kufika chumbani kwake. Na sasa ilikuwa inazungumza kama alivyoizoesha ile nyingine.

Tuliipandisha Newala jioni ileile, tukamwekea asubuhi. Sikumwambia chochote. Alikaa, akaigusa kibodi, akakunja uso, maana vitufe vilikuwa vya umbo jingine. Akabonyeza, ikamtajia saa. Akabonyeza tena, ikampeleka kwenye somo lake, maana masomo yake nayo tulikuwa tukiyahifadhi mbali pamoja na faili lile. Ikaanza kusoma. Ilipofika kwenye neno lenye n mbili ikalitamka sawasawa, kama mtu wa Chilangala.

Aliondoa mikono. Aliishika mashine pande zote mbili, akaipapasa kama anayetafuta uso wa mtu gizani.

"Baba Zuhura, hii ni ileile?"

"Hapana, Mama Deo. Ni nyingine kabisa."

"Sasa imenijuaje?"

"Tuliyaandika maneno yako. Imeyasoma."

Alirudisha mikono akaanza kufanya kazi, na mimi na Rehema tukatoka bila kuaga.

Jopo lilikuja. Nilikaa nyuma ya darasa kwa kisingizio cha kuangalia umeme. Mwalimu alifundisha somo la mama anayetokwa na damu. Alisikiliza kwa kifaa cha sikioni, akawaeleza wanafunzi, akauliza, akataja kwa jina kila aliyejibu. Binti mmoja kutoka Kagera alipewa maneno ya mgonjwa kwa Kimakonde, akaeleza bila kusita hatari ni nini na amwite nani. Mkuu wa jopo, daktari mzee, aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Uamuzi wao haukuwa wote mtamu. Walimwondoa kwenye usimamizi wa wodi. Darasa na uandishi wa masomo wakamwachia, na wakaagiza apewe kompyuta ya pili, ili radi nyingine isije ikamwacha bila sauti. La wodi lilimuuma. Siku ile hakuandika kitu. Lakini kesho yake alikuwa mezani akiandika.

Kompyuta ya pili ilipofika nilikuwa nakaribia kustaafu, na niliiomba hiyo kazi iwe yangu. Niliiweka mezani kwake karibu na ya kwanza, nikalivuta faili, nikatoa amri, tukakaa yeye na mimi tukiongea habari za mvua na wajukuu. Ilipokamilika nikaziwasha zote mbili kwa pamoja.

Zikaanza kumsomea somo lake. Neno kwa neno, kasi moja, pumzi moja, mashine mbili zisizofanana hata kwa rangi, moja upande wa kulia kwake na nyingine upande wa kushoto, zikilisoma somo alilolitunga yeye kwa matamshi aliyozifundisha yeye. Mwalimu aliinua uso juu kama mtu anayesikiliza kwaya. Nilikuwa fundi wa kompyuta muda wote wa utu uzima wangu, na nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Tulisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akacheka, akanyoosha mkono kutafuta kitufe.

"Mmoja wao anyamaze," alisema, "darasa linaanza."